Orca ndani ya Windows: ulinganisho wa VMware, VirtualBox, Hyper-V, WSL na flashi

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma Malindi na ambaye kama mimi hatumii macho katika kazi ya kompyuta, alinipigia simu akaniuliza: "Shikamoo ami. Nataka kujifunza Linux lakini sitaki kuifuta Windows yangu. Nifuate njia gani?" Nilimwitikia marahaba, kisha nikamwomba anipe siku mbili, kwa kuwa swali hilo ni jepesi kwa anayeona na zito kwa asiyeona. Mwenye macho hulinganisha programu za mashine pepe kwa kasi na kwa bei. Sisi tunalazimika kuuliza kwanza mambo mawili yasiyoandikwa katika tangazo lolote: kitufe kikibonyezwa, ni mfumo upi unaokipokea, na Orca, programu inayosoma kwa sauti skrini ya Linux, ikitamka neno, neno hilo linapita wapi mpaka lifike sikioni. Haya ninayoyaandika ni jibu nililompa, nikiwa nimelipanua kwa ajili ya wengine walio katika hali yake.

Kompyuta yake ni ya mkononi, ina RAM ya GB 8 na Windows 11 Home, na kisoma-skrini anachokitumia ni NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran akishirikiana na James Teh, wote wawili wakiwa hawaoni. Upande wa Linux kisoma-skrini ni Orca, kilichozaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems kikakulia katika mradi wa GNOME. Huamshwa kwa kubonyeza Alt, Super na S kwa pamoja, Super ikiwa ni kile kitufe chenye nembo ya Windows. Mashine pepe ni kompyuta nzima inayoigizwa na programu, kama VMware au VirtualBox, ndani ya kompyuta nyingine; ile ya nje nitaiita mwenyeji na ile ya ndani nitaiita mgeni. Wazee wetu husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu asipowekewa mipaka, mwenyeji hupata homa.

Nani anashika kibodi

Vichochoro vya Mkomani hapa Lamu ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. NVDA na Orca hukutana hivyo hivyo kwenye kitufe cha Insert. Kila mmoja hukitumia kama kitufe chake cha amri katika mpangilio wa kibodi ya mezani, na kila mmoja huikubali Caps Lock katika mpangilio wa kompyuta ya mkononi. Kwa kuwa NVDA iko kwa mwenyeji, ndiyo inayokaa mlangoni. Ukibonyeza Insert na kitufe cha nafasi ili ufungue mipangilio ya Orca, NVDA yaweza kuichukua amri hiyo ikidhani unataka kubadilisha hali ya kusoma ukurasa, nawe ukabaki kuilaumu Orca kwa jambo ambalo halikuifikia.

Tiba ninazozijua ni mbili, na zote zinafaa iwe unatumia VMware au VirtualBox. Ya kwanza ni kuilaza NVDA katika dirisha la mgeni pekee: Insert, Shift na S katika mpangilio wa mezani, au kitufe cha NVDA, Shift na Z katika mpangilio wa mkononi. Ikiwa imelala, huacha vitufe vyote vipite isipokuwa amri ile ile ya kuiamsha, na ukihamia programu nyingine huendelea kusema kama kawaida. Ya pili ni kugawana: NVDA ibaki na Insert peke yake, ile ruhusa ya kutumia Caps Lock uiondoe katika mipangilio yake, kisha Orca uiweke katika mpangilio wa mkononi ili itumie Caps Lock. Mimi hutumia zote mbili kwa pamoja, maana siku nikisahau kuilaza NVDA, angalau amri za Orca huwa zinafika.

Hapa ndipo VMware na VirtualBox zinapoanza kuachana. Katika VMware Workstation unaingia kwa mgeni kwa Ctrl na G, na unatoka kwa Ctrl na Alt. Katika VirtualBox kitufe cha kutokea ni Ctrl ya kulia, na kwa mtumiaji wa kisoma-skrini huo ni mtego, kwa sababu Ctrl ndicho kitufe tunachokibonyeza mara mamia kwa siku kuinyamazisha sauti. Anayenyamazisha kwa mkono wa kulia atajikuta ametolewa nje kwa mgeni bila taarifa, akiandika barua yake katika hewa tupu. Isitoshe, kompyuta nyingi za mkononi za leo hazina Ctrl ya kulia kabisa. Kitufe hicho hubadilishwa katika mapendeleo ya VirtualBox, na nashauri kibadilishwe kabla ya jambo jingine lolote. VMware nayo ina dosari yake: njia za mkato zinazoanza kwa Ctrl na Alt, kama ile ya kufungua terminali (dirisha la kuandikia amri) katika mifumo mingi ya Linux, hugongana na amri ya kutokea, ingawa nayo hubadilishwa katika mapendeleo. Na kwa vyovyote vile, Super pamoja na L kwa kawaida hubaki mali ya Windows; ukiibonyeza, mwenyeji hujifunga.

Kuna jambo jingine dogo ambalo mimi naliona kubwa. Dirisha la mgeni katika VirtualBox huendeshwa na programu tofauti na ile ya meneja anayezipanga mashine, kwa hiyo kuilaza NVDA kwa mgeni hakumzimi meneja. Katika VMware menyu na mgeni vimo katika programu moja, hivyo ukiilaza NVDA menyu nazo zinakuwa bubu mpaka uiamshe tena. Katika hili VirtualBox inashinda wazi.

Sauti inapita wapi

Neno la Orca hupita kwa Speech Dispatcher, programu inayolipeleka kwa kitamshi, ambacho kwa kawaida ni eSpeak NG na ndicho kinachogeuza maandishi kuwa sauti; sauti hiyo ikaingia PipeWire au PulseAudio, programu zinazogawa sauti ndani ya Linux, ikafika kwenye kadi ya sauti. Kadi hiyo ndani ya mashine pepe ni ya kuigiza. VMware na VirtualBox zote huigiza kadi za zamani zinazojulikana na kila toleo la Linux, ikiwemo ile ya Intel HD Audio, na hii ni faida isiyosemwa vya kutosha: katika kompyuta halisi Linux huweza kukosa kijiprogramu cha kadi mpya ya sauti, na kwetu sisi kompyuta isiyo na sauti ni sawa na kompyuta iliyozimwa. Ndani ya mashine pepe hatari hiyo karibu haipo.

Gharama ya faida hiyo ni kuchelewa na kukwaruza. Mgeni hapewi prosesa wakati wote. Akicheleweshwa kidogo tu, akiba ya sauti inaisha kabla hajaleta nyingine, na neno hukatika katikati au hutoka kama redio iliyo mbali na mnara. Dawa ya kwanza ni kumpa mgeni viini viwili vya prosesa badala ya kimoja. Dawa ya pili, ikiwa mgeni anatumia PipeWire, ni kuongeza akiba ya kadi katika mipangilio ya WirePlumber (programu inayoisimamia PipeWire), ambayo mstari wake huitwa api.alsa.headroom, thamani ya 2048 inatosha mara nyingi, na ikizidishwa sana sauti inakuwa safi lakini Orca inakuwa mzito wa kujibu.

Dawa ya tatu ni kuepuka mgongano na Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, nayo inahitaji maelezo, kwa sababu tatizo lenyewe huonyeshwa kwa picha. Hyper-V ikiwa imewashwa ndani ya Windows, VirtualBox hulazimika kupitia kwayo badala ya kuifikia prosesa moja kwa moja, na kasi hupungua sana. Ishara yake ni kobe mdogo wa kijani chini ya dirisha la mgeni. Mwenye macho anamwona kobe akajua. Sisi tunasikia tu Orca ikigugumia, tukadhani kosa ni la Linux. Nilipoteza jioni nzima nikibadilisha mipangilio ya sauti, hadi jirani alipoketi pembeni yangu barazani akauliza kwa nini kuna kobe kwenye skrini. Tabaka hilo huwashwa na WSL 2, ile Linux inayokaa ndani ya Windows nitakayoieleza mbele, na pia na baadhi ya ulinzi wa ndani wa Windows 11, kwa hiyo unaweza kuwa nalo bila kuliomba. VMware hufanya kazi juu ya Hyper-V tangu mwaka 2020, na katika kompyuta yangu inaistahimili hali hiyo vizuri zaidi kuliko VirtualBox. Anayetaka WSL na mashine pepe katika kompyuta moja, basi na achague VMware.

Hyper-V yenyewe naiondoa katika ushindani kwa aya hii moja. Kwanza, chombo chake cha kuundia mashine hakimo katika Windows Home, ingawa tabaka lake la chini limo. Pili, haiigizi kadi ya sauti yoyote. Sauti hupatikana tu kwa kumwunganisha mgeni kwa njia ya kompyuta ya mbali, ambayo kwa Linux inahitaji programu ya xrdp na moduli yake ya sauti, na skrini ya kuingilia hubaki kimya. Ni chombo kizuri kwa seva zisizosema. Kwa Orca, hapana.

Kuhusu sauti, limebaki jambo la sauti pacha. NVDA na Orca zaweza kutumia kitamshi kile kile, eSpeak NG, na zikisema kwa lugha moja na kasi moja huwezi kujua nani amesema nini. Mpe mwenyeji sauti nzito na mgeni sauti nyembamba, au mwenyeji umwachie sauti za Windows zenyewe. Kitamshi hicho kina Kiswahili, na kwa kuwa maandishi yetu husomwa kama yalivyoandikwa, matamshi yake yanaeleweka ingawa ladha ya Kiamu hutaipata. Ila menyu za Kiingereza zikisomwa kwa sauti ya Kiswahili, utasikia maneno ambayo hata mwenye lugha hatayatambua. Tumia sauti ya Kiingereza kwa menyu, ya Kiswahili kwa kusomea matini.

Kusakinisha bila kuona

Kati ya kuwashwa kwa mgeni na sauti ya kwanza kuna dakika za ukimya, na ni katika dakika hizo ambapo wengi hukata tamaa. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux kama zilivyo Ubuntu na Fedora, imelifikiria jambo hili kuliko wengine: menyu yake ya mwanzo hulia mlio, nawe ukibonyeza s na Enter usakinishaji unaendelea kwa sauti, na usipogusa kitufe chochote kwa takriban nusu dakika, huanza kusema wenyewe. Ndani ya mashine pepe usitegemee kuusikia mlio huo. Washa, ingia kwa mgeni, hesabu polepole, usubiri. Ubora mwingine wa njia hii ni kwamba mfumo uliosakinishwa kwa sauti huamka na sauti tangu siku ya kwanza. Ubuntu na Fedora hukufikisha kwenye eneo-kazi la majaribio, ambapo Alt, Super na S huiamsha Orca, lakini ni wewe unayepaswa kukisia ni lini eneo-kazi limefika.

Kwa kuitengeneza mashine yenyewe, msaidizi wa hatua kwa hatua (wizard) wa VMware husomeka na NVDA kutoka mwanzo hadi mwisho, ingawa kuna vitufe viwili vitatu vinavyotajwa bila jina. Meneja wa VirtualBox anasomeka pia, lakini katika orodha za mipangilio NVDA hupotea njia mara kwa mara. Hata hivyo VirtualBox ina mlango wa pili, na mlango huo ndio unaoifanya isidharauliwe: VBoxManage, amri ya terminali inayoweza kuunda mashine, kuipa kumbukumbu na kadi ya sauti, kuiwasha na kuizima, bila kugusa dirisha hata moja. Ukishaandika amri zako katika faili, unaweza kuzirudia au kumtumia rafiki. VMware inajibu kwa faili la vmx, ambalo ni maandishi matupu na hufunguka kwa kihariri chochote, lakini hilo ni la kurekebisha zaidi kuliko la kujengea.

Mashine ikipoteza sauti baada ya masasisho, jambo ambalo litatokea, usimtafute mtu wa kukusomea skrini. Sakinisha seva ya SSH, njia ya kuingia kompyuta moja kutoka nyingine kwa maandishi, kwa mgeni mapema, kisha uingie kwa terminali ya Windows, ambayo ina SSH ndani yake. NVDA itakusomea kila mstari nawe utairekebisha sauti kutoka nje. Na kabla ya kila sasisho kubwa, hifadhi nakala ya hali ya mashine. VMware na VirtualBox zote zina uwezo huo, na kurudi nyuma huchukua dakika chache. Huu, kwa maoni yangu, ndio ubora mkubwa wa mashine pepe kwa mtu anayejifunza bila kuona: unaweza kuharibu bila woga.

WSL na flashi

WSL si njia ya kuitumia Orca, na ni vyema kulisema hilo mapema. Ni Linux inayokaa ndani ya Windows, husakinishwa kwa amri moja ya wsl --install, hata kwenye Windows Home, na kile inachoandika katika terminali husomwa na NVDA yako uliyoizoea. Hakuna kugombea Insert, hakuna kadi ya kuigiza, hakuna kobe. Programu zenye madirisha ya Linux hufunguka pia katika Windows 11, lakini NVDA haioni kilichomo ndani yake. Kwa hiyo anayetaka Linux kwa ajili ya kuandika programu, kusimamia seva au kufuata somo la chuo, WSL itamtosha na kumzidi, na kumlazimisha kujifunza Orca ni kumbebesha mzigo usio wake.

Flashi ni kinyume chake. Unaiweka Linux kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka hapo, na Orca inazungumza kupitia kadi halisi bila mpatanishi. Hujibu papo kwa papo, na RAM yote ya GB 8 ni yake. Hapo ndipo utakapoijua Orca ilivyo kweli, maana kuihukumu kwa ilivyosikika ndani ya mashine pepe ni kumhukumu mwimbaji kwa kumsikiliza kupitia ukuta. Shida ni tatu. Menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia haisemi, hivyo mara ya kwanza utahitaji mwenye macho. Kadi ya sauti huenda isitambuliwe, ingawa tangu Debian 12 ya mwaka 2023 visakinishi vyake rasmi vimebeba vijiprogramu vingi vilivyokuwa vikikosekana. Na huwezi kuwa na Windows na Linux kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukikwama huna pa kuuliza isipokuwa simu yako.

Fedha, data na umeme

VMware Workstation Pro imekuwa ya bure kwa kila mtu tangu Novemba 2024, baada ya Broadcom kuinunua VMware mwaka uliotangulia, lakini kuipakua kunahitaji kufungua akaunti na kupita kurasa nyingi, zoezi ambalo kwa kisoma-skrini linachosha. VirtualBox ni ya bure na msimbo wake uko wazi, na hupakuliwa moja kwa moja. (Nayo ilipita mikononi mwa Sun, kama Orca, kabla ya Oracle kuichukua Sun mwaka 2010.) Kwa anayenunua data kwa kifurushi, tofauti kubwa zaidi iko katika Linux unayoichagua: faili la Ubuntu 24.04 ya mezani linakaribia GB 6, ilhali kisakinishi kidogo cha Debian hakifiki GB 1, kikipakua baadaye kile tu unachokihitaji.

Kwa RAM ya GB 8, mgeni mwenye eneo-kazi la GNOME akipewa GB 4 Windows huanza kulalamika. Eneo-kazi la MATE huridhika na pungufu ya hapo na Orca hufanya kazi nalo vizuri. Umeme ukikatika na betri ikiwa imechakaa, mashine pepe iliyo katikati ya kuandika huweza kuharibu diski yake, na flashi ni dhaifu zaidi ya hapo. Mimi humlaza mgeni kila adhana inapoingia, nikienda zangu msikitini bila wasiwasi.

Nilimwambia kijana wetu hivi. Kwa somo lake la chuo, aweke WSL leo. Kwa kujifunza Orca, aweke VMware, kwa kuwa atakuwa na WSL pembeni, na ndani yake Debian yenye MATE, viini viwili, na RAM ya GB 3. Kama asingehitaji WSL, na kama angependa kuandika amri kuliko kubofya, ningemwelekeza kwa VirtualBox, akiwa amebadilisha kwanza ile Ctrl ya kulia. Akishazijua amri za Orca kiasi cha kutembea ndani yake bila kusitasita, aje Lamu wakati wa likizo na flashi mkononi. Menyu ile bubu ya kuwashia, jirani yangu aliyemwona kobe atatusomea.